Pweza Huonekana Lini?



Sisi tunaoishi Kiseke tunawajua samaki. Ukishuka Mwaloni Kirumba asubuhi utaona dagaa waliokaushwa, sangara, sato na kambale. Utasikia watu wakibishana bei. Lakini hutamkuta pweza aliyevuliwa katika ziwa letu. Tafuta Igombe, tafuta Kayenze, vuka hata Ukerewe. Hutampata. Je, ni kwa nini?

Sababu ni chumvi. Maji ya Ziwa Viktoria hayana chumvi. Tunayanywa, tunapikia na kufulia. Pweza anaishi katika maji ya chumvi peke yake. Duniani kote hakuna pweza wa ziwa la maji baridi, wala hakuna pweza wa mto. Ukimtia katika ndoo ya maji ya ziwa atakufa.

Basi tunamsomea nini mnyama asiyekaa kwetu? Huenda mtoto wako amemwona katika kitabu cha shule, akakuuliza habari zake. Huenda una ndugu Tanga, Dar es Salaam au Mtwara, na siku moja utamtembelea. Ipo na sababu nyingine. Wavuvi wa pweza wana shida inayofanana sana na shida ya wavuvi wetu, na katika vijiji vingine wamepata njia ya kuipunguza. Tutafika huko. Kwanza tumjue mnyama mwenyewe.

Mnyama huyu ni wa namna gani?

Pweza si samaki. Hana mifupa, hana magamba, hana mapezi. Ana kichwa kikubwa laini na mikono minane mirefu. Watu wa pwani huiita mikono hiyo minyiri. Kila mnyiri una vikombe vidogo vingi upande wa chini. Vikombe hivyo hung'ang'ania kitu kama mdomo wa mtoto anyonyaye. Pweza akikushika mkono utasikia anavyovuta.

Utashangaa nikikuambia kwamba pweza ni wa ukoo mmoja na konokono. Ndiyo, konokono, kama hawa wa ziwani wanaobeba vijidudu vya kichocho. Tofauti ni kwamba konokono hubeba nyumba yake mgongoni, na pweza hana nyumba ya kubeba. Mwili wake ni nyama tupu. Kila mnyama wa baharini mwenye meno anamtamani. Kwa hiyo pweza huishi kwa akili na kwa kujificha.

Mchana hukaa katika shimo la mwamba, au hutoka kuwinda kaa. Akiona hatari hubadilisha rangi ya ngozi yake mara moja, akafanana na jiwe au mwani. Si rangi tu. Hata ngozi yenyewe huinuka ikawa na vipele kama jiwe. Akizidiwa hutoa wino mweusi majini, kisha hukimbia adui angali haoni. Kwa kuwa hana mifupa, pweza mkubwa anaweza kupita katika tundu dogo. Kitu kigumu mwilini mwake ni mdomo tu, nao umepinda kama wa kasuku. Kwa mdomo huo huvunja maganda ya kaa.

Ana mioyo mitatu. Damu yake ina rangi ya samawati, maana ndani yake mna shaba. Damu yetu ina chuma, ndiyo maana ni nyekundu.

Pweza anayevuliwa zaidi katika pwani ya Tanzania ni yule ambaye wataalamu humwita pweza wa mchana. Wapo pweza wengi wanaotembea usiku, lakini huyu hutembea wakati wa mwanga, hasa asubuhi na jioni. Hilo ni jambo jema kwa mtu anayetaka kumwona.

Maisha yake ni mafupi. Huishi mwaka mmoja hivi, au kuzidi kidogo. Jike hutaga mara moja tu katika maisha yake. Huingia shimoni, akatundika mayai kwenye dari la shimo kama shanga katika uzi. Mayai ni mamia ya maelfu, na kila yai ni dogo kuliko punje ya mchele. Mama huyo hukaa hapo akiyalinda, akiyapulizia maji safi ili yasioze. Hali chakula. Mayai yanapoanguliwa, yeye hufa. Watoto huchukuliwa na mkondo wa bahari, wakaelea kwa majuma kadhaa, kisha wale wachache waliosalia hushuka kwenye mwamba kuanza maisha.

Kumbuka jambo hili moja, maana tutalirudia: jike aliyevuliwa kabla ya kutaga hakuacha mtoto hata mmoja.

Mwezi unavyovuta maji

Sasa tuje kwenye swali letu. Pweza huonekana lini?

Mtu wa pwani ukimwuliza hatakutajia kwanza jina la mwezi, kama Januari au Julai. Atatazama juu. Atakuambia umri wa mwezi wa mbinguni.

Hapa kwetu maji ya ziwa hukaa mahali pamoja. Hupanda mvua zikiwa nyingi, kama mwaka 2020, maji yalipoingia katika nyumba za watu walio karibu na ufuko. Hushuka wakati wa ukame. Lakini huwezi kuamka asubuhi ukaona ziwa limerudi nyuma nusu kilometa, na jioni limejaa tena. Baharini ndivyo ilivyo kila siku. Maji hupwa, yaani hurudi nyuma na kuacha nchi kavu. Kisha hujaa. Kwa siku moja, usiku na mchana, hupwa mara mbili na kujaa mara mbili.

Nani anayavuta? Ni mwezi, ukisaidiwa na jua. Mwezi huivuta dunia, na maji ya bahari kwa kuwa ni mengi na yameungana huitika. Ziwa letu ni kubwa, kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, lakini mbele ya bahari ni kama bakuli. Mwezi unalivuta pia, ila kwa kiasi kidogo mno ambacho jicho halioni.

Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu siku ya 14 au 15, mwezi na jua huvuta katika mstari mmoja. Nguvu zao hujumlishwa. Hapo maji hujaa sana na kupwa sana. Watu wa pwani huita siku hizo bamvua. Huko Unguja, wakati wa bamvua kubwa, tofauti kati ya maji yaliyojaa na maji yaliyokupwa hufika karibu meta nne. Hicho ni kimo cha nyumba.

Katikati ya bamvua mbili, mwezi ukiwa nusu, maji hayaendi mbali. Siku hizo huitwa maji mafu. Mtafuta pweza kwa miguu hana kazi kubwa siku za maji mafu, maana miamba mizuri imebaki chini ya maji.

Basi jibu la kwanza ni hili: pweza huonekana siku za bamvua, mara mbili kila mwezi, kwa siku kadhaa kila mara.

Na saa? Hapa pana jambo la kupendeza. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hufika chini kabisa mnamo saa nne asubuhi, na tena saa nne usiku. Kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Leo yakipwa saa nne, kesho yatapwa karibu saa tano kasorobo. Kwa hiyo mwanamke wa Pemba anayetaka kuchokoa pweza anaweza kufanya kazi za nyumbani alfajiri, kwenda mwambani asubuhi, na kurudi maji yanapoanza kujaa. Hana saa mkononi, lakini hakosei.

Sasa linganisha na wavuvi wetu wa dagaa. Wao huvua usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, na siku hizi wengi wana taa za betri na za jua. Dagaa huifuata taa gizani. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa kila mahali na dagaa hawakusanyiki. Ndipo wavuvi hupumzika, wakashona nyavu, na dagaa wabichi huadimika mwaloni. Kwa hiyo wiki ile ambayo mtumbwi wa dagaa umelala mchangani kwetu, kule Mafia na Pemba watu wanakwenda mwambani. Mwezi ni ule ule mmoja.

Kaskazi na kusi

Jibu la pili linahusu upepo. Kwetu tunagawa mwaka kwa mvua na kiangazi. Pwani hugawa mwaka kwa pepo pia.

Upepo wa kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Ni wakati wa joto. Bahari huwa na utulivu kiasi, na maji huwa maangavu. Upepo wa kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Huo una nguvu. Bahari huchafuka, mawimbi hupiga miamba, na maji huwa na tope na mchanga. Tena mwanzoni mwa kusi kuna mvua za masika, na mito kama Rufiji humwaga maji mekundu baharini. Katikati ya pepo hizo mbili upo wakati mfupi wa shwari, ambao upepo haujui uende wapi.

Pweza yupo mwaka mzima. Watu humvua katika miezi ya kusi pia, maana njaa haingoji upepo. Lakini ikiwa wewe ni mgeni, na unataka kumwona pweza akiwa hai katika maji yake, nenda kati ya Oktoba na Machi. Mimi ningechagua bamvua za mwezi wa Machi kabla masika hayajaanza. Machi na Septemba ndiyo miezi ambayo bamvua huwa kubwa kuliko zote za mwaka. Mwamba ambao miezi mingine haufunuliwi, miezi hiyo hufunuliwa. Lakini Septemba kusi lingali likivuma mahali pengine, kwa hiyo Machi inashinda.

Tuseme umekwenda

Tuseme umepata nauli. Umepanda basi kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 1,000. Umekwenda Nyamisati na kuvuka kwa chombo hadi Kilindoni, kisiwani Mafia. Sehemu ya bahari ya Mafia ni hifadhi tangu mwaka 1995, nayo ilikuwa hifadhi ya bahari ya kwanza nchini. Umepata wenyeji, nao wamekubali kwenda nawe mwambani.

Usiende peke yako. Maji yanapojaa hayapigi hodi. Huanza kupita katika mabonde nyuma yako, wewe ukiwa bado umeinama unatazama shimo. Mwenyeji anajua saa ya kugeuka. Vaa viatu vigumu. Kuna mnyama mwenye miiba mirefu myeusi kama nungunungu mdogo, na kuna samaki anayefanana na jiwe ambaye miiba yake ina sumu kali. Kanyaga mchanga au mwamba uliokufa. Usikanyage matumbawe yaliyo hai. Hayo yanaonekana kama mawe au maua, lakini ni wanyama wadogo waliojenga pamoja kwa miaka mingi, na ukiyavunja umeivunja nyumba ya pweza.

Utatembea dakika nyingi bila kuona kitu. Utasema hapa hakuna pweza. Mama aliyekutangulia ataguna tu. Yeye hamtafuti pweza, anatafuta takataka zake. Pweza akimla kaa hutupa maganda nje ya mlango. Ukiona shimo lenye maganda ya kaa na makombe mapya mlangoni, na vijiwe vimepangwa kama mtu amejenga kizuizi, mwenyewe yumo. Tazama kwa makini. Utaona jicho. Lina mboni ya kulala, si ya duara kama yetu. Jicho hilo limekuona zamani.

Ukisimama kimya pweza anaweza kunyoosha mnyiri mmoja kupapasa. Atabadilika rangi, awe kahawia, awe kijivu, awe na madoa. Wengine huona hiyo inatosha safari yote. Mimi ni mmoja wao.

Wenyeji wako hawakuja kutazama. Mama ana ufito wa mti au wa chuma. Atauchokoa shimoni taratibu. Pweza atakamata ufito, na mama atamvuta. Si kazi nyepesi. Pweza akishika mwamba kwa minyiri minane, na kila mnyiri una vikombe vingi, mvutano unaweza kuwa mrefu. Akitoka huuawa mara moja. Nyumbani atapondwapondwa ili nyama iwe laini, kisha apikwe kwa nazi, au akaushwe, au auzwe kwa mchuuzi anayengoja ufukoni na mizani na barafu.

Shida ilianzia kwenye mizani

Zamani pweza wa mwambani alikuwa kitoweo cha nyumbani na biashara ndogo ya akina mama. Wanawake na watoto walitembea mwambani, na wanaume walikwenda baharini kwa ngalawa. Mama alipata pweza wawili watatu, akapika mmoja na kuuza waliobaki. Fedha hizo alinunulia sukari, daftari na mafuta ya taa bila kumwomba mtu.

Kisha wakaja wanunuzi kutoka mbali. Hasa tangu miaka ya 1990, makampuni yalianza kununua pweza wengi kwa ajili ya viwanda vyenye barafu, na kuwapeleka Ulaya. Huko, katika nchi kama Italia, Hispania na Ureno, pweza ni chakula cha heshima. Bei ilipanda. Bei ilipopanda, wanaume nao waliingia. Wao huvaa miwani ya kuzamia na kwenda kwenye miamba ya kina kirefu ambayo haifunuliwi na bamvua.

Jambo hili lina pande mbili. Fedha ziliongezeka vijijini. Lakini ile miamba ya kina ndiyo iliyokuwa maficho ya pweza wakubwa, majike yaliyo tayari kutaga. Nao pweza wadogo walianza kuchukuliwa kwa sababu mizani inapokea kila kitu. Mama wa mwambani akaanza kutembea mbali zaidi na kurudi na wachache zaidi.

Msomaji wa Kiseke, habari hii si ngeni kwako. Sangara alipopata viwanda na soko la Ulaya, sisi tuliona nini? Tuliona fedha, na tuliona pia makokoro na nyavu za matundu madogo zikikamata watoto wa samaki. Sheria inakataza sangara aliye chini ya sentimita 50. Kwa pweza, kanuni za Tanzania Bara zinakataza aliye chini ya gramu 500, yaani nusu kilo. Sheria zote mbili ni nzuri. Zote mbili huvunjwa na mtu mwenye njaa na mnunuzi asiyeuliza.

Kufunga mwamba

Mwaka 2004 watu wa kijiji cha Andavadoaka, kisiwani Madagaska, walijaribu jambo. Walikubaliana kuacha kuvua pweza katika mwamba wao mmoja kwa miezi kadhaa. Hawakufunga bahari yote, ni sehemu moja tu. Walipofungua walikuta pweza wakubwa na wengi. Habari zikaenea. Vijiji vingine vya Madagaska vikafuata, na baadaye watu wa visiwa vyetu pia. Huko Kisiwa Panza, Pemba, wavuvi wamefunga sehemu ya miamba yao kwa miezi mitatu mitatu. Jambo hilo limefanywa pia Songosongo katika wilaya ya Kilwa, na Jibondo katika Mafia.

Kwa nini miezi mitatu tu ilete tofauti? Kwa sababu pweza hukua haraka mno. Pweza mdogo anaweza kuongeza uzito wake mara mbili katika muda wa mwezi mmoja au miwili. 

Tufanye hesabu. Huu ni mfano tu, chukua kalamu.

Mama anakuta pweza 10, kila mmoja nusu kilo. Akiwachukua leo, anapata kilo 5.
Akiwaacha miezi mitatu, tuseme 3 wanaliwa na samaki wakubwa. Wanabaki 7.
Kila mmoja sasa ana kilo 2. Mara 7, ni kilo 14.
Na huenda baadhi ya majike yamekwisha taga.

Hesabu ni rahisi ubaoni. Kijijini si rahisi hivyo, na nisingependa uamini kwamba watu wa pwani wamemaliza shida zao. Mama anayekula kwa pato la leo atakula nini katika miezi hiyo mitatu? Ndiyo maana vijiji hufunga sehemu moja na kuacha nyingine wazi. Tena, nani atalinda usiku? Mtu wa kijiji cha jirani ambaye hakuwa kwenye mkutano anaweza kuja na ngalawa akavuna ulichokilea. Walinzi wanahitaji chombo, mafuta na posho. Mahali walinzi walipochoka, mwamba uliibiwa.

Na siku ya kufungua ina shida zake. Watu hufurika. Wazamiaji hodari hutangulia. Pweza wa miezi mitatu wanaweza kwisha katika siku mbili tatu. Wanunuzi wakiona wingi huo hushusha bei, au barafu huwaishia. Akina mama wa miguu, ambao walivumilia sawa na wengine, wanaweza kupata kidogo kuliko wote. Kwa sababu hiyo kamati ya kijiji inapaswa kupanga mambo mapema: nani ataingia na kwa siku ngapi, wa miguu watangulie au la, na mnunuzi atalipa shilingi ngapi kwa kilo. Bei ikubaliwe kabla pweza hajatolewa majini. Baada ya hapo mnunuzi ndiye mwenye nguvu, maana pweza huoza.

Nawe utaona kwamba kufungua hupangwa siku ya bamvua. Ikifunguliwa siku ya maji mafu, akina mama watasimama ufukoni wakitazama wenye ngalawa wakivuna.

Njia hii imetumika pia katika maji baridi. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Watu wa Kigoma walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika, kwa kuwa migebuka na dagaa ndiyo maisha yao. Je, katika ziwa letu lingewezekana? Ziwa Viktoria lina nchi tatu na mialo mingi. Sangara na dagaa huhama, hawakai shimoni kama pweza. Lakini yapo mazalia ya sato karibu na ufuko, kwenye ghuba na matete, ambayo watu wa mwalo mmoja wanayafahamu kwa majina. Sehemu ndogo kama hizo zinafanana zaidi na mwamba wa pweza kuliko ziwa zima. Kama wewe ni mwanachama wa kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni kwenu, BMU, unaweza kuuliza swali hilo katika mkutano. Uliza pia nani atalinda, na wanaokula kwa pato la siku watasaidiwa vipi. Maswali hayo mawili yaje kwanza.

Tazama mwezi wa leo

Huna haja ya nauli kuanza kuhesabu. Leo jioni toka nje ya nyumba yako hapa Kiseke, utazame magharibi baada ya jua kuzama. Ukiona mwezi mwembamba kama ukucha, andika tarehe ya leo katika daftari lako, na mbele yake andika: bamvua. Kama hauonekani, tazama tena kesho.

Kutoka siku hiyo hesabu siku saba. Mwezi utakuwa nusu. Andika: maji mafu. Hesabu siku nyingine saba. Mwezi utachomoza mashariki wakati jua linazama, mkubwa na wa mviringo. Andika tena: bamvua. Pembeni andika kama mitumbwi ya dagaa ilikwenda ziwani usiku huo au haikwenda, na bei ya dagaa mwaloni asubuhi iliyofuata. Endelea hivyo kwa miezi miwili.

Na siku ulizoandika bamvua, ifikapo saa nne asubuhi, ukiwa shambani au sokoni, ujue kwamba kule Jibondo na Kisiwa Panza maji yamekwenda mbali, na akina mama wameinama juu ya mashimo wakitafuta maganda ya kaa.